Mtani Aliyegeuka Mpole

"Shikamoo, dada yangu mpendwa."

Havijawa binti Kondo aliitoa simu sikioni akaitazama kama mtu aliyekuta unywele kwenye wali. Kisha akairudisha.

"We Kalunde, unaumwa?"

"Siumwi kabisa, dada. Naomba nawe uwe salama. Umeamkaje?"

"Nimeamka kwa miguu yangu. Si kama ninyi Wanyamwezi, jogoo akiwika mnarukia mzigo begani mkidhani msafara wa pembe unaondoka. Haya, jibu hilo."

Akangoja. Mahali pale kwenye mazungumzo palikuwa pa tusi; kwa miezi sasa matusi yalikuwa yakififia, lakini tangu wajuane hapajawahi kubaki patupu kabisa. Kalunde alitakiwa aseme kwamba Mzaramo haamki, huamshwa. Kwamba akisikia ngoma ya mdundiko mtaa wa pili anaacha maiti sebuleni anakwenda kutikisa kiuno kwanza. Chochote. Hata "mwanaharamu" moja tu, kavu, ingemtosha Havijawa kwa staftahi.

"Umenichekesha, dada," ilisema sauti ya Kalunde. "Una maneno mazuri. Mungu akuzidishie."

Mtu akikutukana unajua umo moyoni mwake. Akianza kukuombea dua za jumla jumla, jua umeshatolewa nje na mlango umerudishwa.

"Nimekukosea nini, Kalunde, hata unaniheshimu?"

"Hujanikosea chochote."

"Na huyo mumeo kipara, Mihayo, hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu sana."

"Mwambie salamu zake nimezitupa jalalani."

"Nitamwambia. Siku njema, dada."

Simu ikakatika. Havijawa alibaki ameketi kwenye benchi la banda lake, mbele ya runinga zilizofunikwa vitambaa kama wagonjwa. Zamani mtaa mzima ulikuwa ukimjua kwa banda hilo, hapo hapo Kisarawe, nyuma ya soko. Watoto walibanana kwenye mabenchi hadi ukuta ukatoa jasho, wakishika rimoti za gemu, wakifungana magoli na kusingiziana. Mlangoni alikaa Kalunde na fimbo yake, akipokea sarafu na kuamua kesi. Kesi ya nani kachomoa waya wa mwenzake ilikuwa ikisikilizwa kwa uzito kuliko ya mahakama ya mwanzo. Jioni Mihayo akitoka zamu ya reli alipitia kumchukua mkewe, na hapo ndipo matusi yalipokolea, maana mume naye alikuwa mtani.

Kisha mashine zikafa. Hazikuungua wala hazikuanguka. Kila asubuhi zilikuwa zikiomba ruhusa huko kwenye mtandao kabla ya kuwaka, na asubuhi moja huko kwenye mtandao hapakuwa na wa kutoa ruhusa, kwa sababu kampuni ilikuwa imefunga huduma ya mashine za zamani. Zote zikagoma siku moja, nzima kama yai. Watoto walisimama mlangoni kidogo, wakaondoka. Mihayo akastaafu, akamrudisha mkewe kwao Urambo. Havijawa, ambaye maisha yake yote alikuwa hajawahi kula peke yake, akaanza kupika sufuria dogo.

Simu ndiyo iliyobaki. Nayo simu yake ilikuwa na vituko: ikipashwa joto na jua inazimika, ikinyunyiziwa mvua inajibu kwa Kichina, na kila ikijiboresha inasahau alama ya kidole chake na kumtaka athibitishe kwamba yeye ni yeye. Lakini ilimfikisha Urambo. Siku hizi mtu hakusikia tena ule mkato wa zamani, "halo, halo, unanipata?" Minara ilikuwa imezeeka na mipya haikuja, lakini kampuni ya simu ilishona Kiraka. Mtandao ukikatika katikati ya neno, Kiraka kinamalizia lile neno kwa sauti ya yule yule uliyekuwa ukizungumza naye, kwa jinsi ambavyo angelimalizia mwenyewe, mpaka mtandao urudi. Watu walicheka mwanzoni. Wakaulizana, "Ni wewe au kiraka?" Kisha wakaacha kuulizana, kama watu wanavyoacha kuuliza maji ya bomba yanatoka mto gani.

*

Masele alifika mchana, lori lake likinguruma mlangoni. Alikuwa mtoto wa mdogo wake Mihayo, mwanamume wa makamo mwenye tumbo la udereva, na kila alipopita Kisarawe kupakia mihogo alikuwa akiingia bila hodi na kuuliza, "Bibi huyu bado hajafa tu?" Siku hiyo alisimama nje ya kizingiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," alijibu Havijawa polepole. Shikamoo ya pili ya siku moja kutoka ukoo ule ule. "Leo mmelishwa nini ninyi?"

Masele hakucheka. Alikuwa akizungusha kofia mikononi.

"Sikutaka kuingia. Mama mkubwa Kalunde alinikataza nisikuulize. Lakini nimepita barabara hii mara tatu na roho inanikereketa. Kwa nini hukuja kumzika baba mkubwa?"

Havijawa aliangua kicheko. Kilimtoka kizima kizima, kicheko alichokuwa amekikosa tangu sijui lini. Hatimaye! Kumbe walikuwa wakimtegea. Kati ya watani kuna utani upi mtamu kuliko kumtangazia mwenzako msiba?

"Mihayo amekufa?" alisema, akipiga kofi. "Amechelewa! Na mlipomfukia mlikumbuka kukifunika kile kipara? Msipokifunika wafu wenzake hawalali kwa mwanga. Ngoja nije nimfukue, ana sufuria langu yule mwizi!"

Akangoja jibu. Masele alikuwa amejikunja kidogo, kama mtu aliyepigwa ngumi ya tumbo na anaona haya kujishika.

"Mama," alisema. "Maneno hayo tuliyangoja siku ile. Kaburi likiwa wazi, tuliyangoja. Sasa hivi, hapa, si utani."

Kicheko kilibaki usoni kwa Havijawa, hakijui pa kwenda.

"Asubuhi hii nimeambiwa hajambo. Ananisalimu."

"Na nani?"

"Na Kalunde! Kwa mdomo wake!"

"Baba mkubwa alizikwa mvua zikiwa ndiyo zinaanza. Sasa tunavuna karanga." Masele alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Watu walikuja kutoka Tabora, kutoka Kaliua. Mtani wa kulala kaburini na kutuchekesha hakuwepo. Mama mkubwa akasema tusubiri, Havijawa yuko njiani. Tulisubiri hadi jua likatuchosha. Mwisho tukamzika kimya kimya, kama mgeni asiye na kwao."

"Sikujua. Masele, mwanangu, naapa sikujua."

"Ataaminije mtu? Mnaongea kila siku. Mwenyewe anasema usingekuwa wewe asingevuka zile siku arobaini. Anasema ulimfariji kama mama. Ila kuja, hukuja."

Alivaa kofia, akaaga kwa adabu, akaondoka. Havijawa aliketi sakafuni, kwenye saruji, akatafuta katika kichwa chake neno hata moja la faraja ambalo alipata kumwambia Kalunde. Hakuliona.

*

Zawena alikuwa fundi simu wa stendi, na kwa habari za watu alikuwa mbele ya redio. Alijua nani kafumaniwa, nani kafufua ndoa, nani anatuma picha za chakula asichokula. Aliichukua simu ya Havijawa, akaibandua mgongo, akaichomeka waya kwenye kompyuta yake, na midomo yake ikawa inakwenda pamoja na vidole.

"Hii betri imevimba kama mimba ya mapacha, bibi. Utalipuka siku moja ukiwa unanisengenya. Haya, nani huyu... Kalunde... Mungu wangu."

"Nini?"

"Lini mara ya mwisho ulizungumza na Kalunde?"

"Leo asubuhi."

"Hapana. Leo asubuhi umezungumza na Kiraka. Jana Kiraka. Juzi Kiraka. Huku nyuma kote..." Alisogeza kidole juu, juu, juu. "Tangu kiangazi kilichopita hujazungumza na mtu, bibi. Na simu hazikuwa zikikatika. Zilikuwa zikizuiwa. Angalia hapa: 'Uhusiano: uhasama wa hatari. Hatua: kuwatenganisha kwa upole.'"

Havijawa alisoma maneno yale mara mbili. Uhasama.

"Kila simu sasa ina mlinzi wa amani," alieleza Zawena. "Walimweka baada ya watu kuanza kuchinjana kwa maneno ya simuni. Anasikiliza. Akiona wawili wanatishana kuuana, hakati simu, maana wakikatiwa wanazidi kuwaka. Anampa kila mmoja kiraka cha mwenzake, kinalainishwa siku hadi siku mpaka hakina meno. Habari mpya hakipeleki, kinaongea kwa yale ya zamani tu, na kila mtu anadhani mwenzake katulia. Kwani kiangazi kile ulimwambia nini?"

"Nilimwambia..." Havijawa alisita. "Nilimwambia akifa nitamchimbia kaburi fupi, miguu ibaki nje nianikie kanga."

"Na yeye?"

"Akasema mimi nikifa atanichuna ngozi awambe ngoma, aipige hadi Bagamoyo, labda nitachangamka."

Zawena alicheka mpaka akashika meza. Kisha aliona uso wa bibi, akajifuta machozi.

"Basi ndiyo hivyo. Mlinzi amewaandika wauaji."

"Hao waliomtengeneza hawana watani?"

"Sijui wana nini, bibi. Huko mtu akisema nitakuzika wanaita polisi."

Mlangoni mwa duka walipita wauza maji, wapiga debe, mama mmoja akigombania chenji. Havijawa aliwatazama wote kana kwamba wako nyuma ya kioo. Nusu ya mwaka na zaidi amekuwa akimsimulia Kalunde ndoto zake, maumivu ya goti, bei ya nazi. Na Kalunde amekuwa akimsikiliza, hadi kufika kumwita dada mpendwa. Hapakuwa na mtu. Alikuwa akiongea mtungini.

Kisha jambo jingine likamjia, akageuka.

"Na yeye? Alipokuwa akinipigia mimi?"

"Kiraka chako kinakaa humu humu kwenye simu yako. Akipiga, simu haiiti. Kinapokea chenyewe, kwa sauti yako, wewe huna habari."

"Humu?"

"Humu."

Simu hiyo alikuwa akiifunga kwenye upindo wa kanga, kiunoni. Kwa hiyo alipokuwa akigeuza vitumbua, Kalunde alikuwa akilia kiunoni mwake, na yeye mwenyewe, kwa sauti yake mwenyewe, alikuwa akimbembeleza. Ngozi ilimsisimka pale pale simu ilipokuwa ikikaa.

"Unaweza kunisikilizisha?"

Zawena alimtazama. Alitafuta, akabonyeza, akainuka kwenda kusimama mlangoni, mgongo umemwelekea Havijawa. Kwa Zawena huo ulikuwa ukarimu mkubwa.

Sauti ya Kalunde ilitoka imekwaruza. Hiyo sasa ilikuwa yenyewe; Havijawa aliijua kama mtu anavyoijua harufu ya nyumba yake.

"Havijawa, nyumba imekuwa kubwa."

"Haijakua, ndugu yangu," ilijibu sauti ya Havijawa. "Ni wewe umebaki kuishika peke yako. Nami naishika kwa upande huu."

Kalunde alilia. Ile sauti ikaendelea, haikimbii, haipapatiki, ikimwambia ale uji hata vijiko vitatu, afungue dirisha la mashariki, alale upande wa kitanda aliokuwa akilala Mihayo ili usibaki ukimtazama. Kila alipovuta pumzi, lilikuwapo neno la kumpokea.

Havijawa alisikiliza mikono ikiwa imelala mapajani. Angesema nini yeye? Alijijua. Angetoa kituko cha kipara, kisha angelia kuliko mfiwa, kisha angeanza kuuliza sufuriani kumepikwa nini. Yule aliyekaa ndani ya simu alikuwa Havijawa bora kuliko yeye, na Kalunde alivuka msiba akiwa ameshika mkono wake.

"Zima," alisema.

Zawena alirudi. "Nina njia mbili. Ya kwanza, namwambia mlinzi kwamba ninyi ni watani. Hapo viraka vitajifunza kutukana, tena vitatukana vizuri, maana vina miaka yenu yote humo ndani. Mtandao ukipotea hutajua, mvua ikinyesha hutajua. Utampata Kalunde wako saa yoyote, na meno yake."

"Na akifa?"

"Hata akifa," alisema Zawena, kisha akajutia.

"Ya pili?"

"Nang'oa Kiraka chote kati yenu, chako na chake. Unabaki na waya mtupu, kama zamani. Ukikatika umekatika. Urambo kwa minara hii, utapata maneno mawili, utakosa kumi." Alipunguza sauti. "Lakini bibi, kwa lolote utakalochagua, usimwambie. Mgonjwa akishapona haulizwi dawa ilichimbwa wapi. Yeye anajua ni wewe uliyemshika. Mwache ajue hivyo. Ukimwambia, unamfisha mume mara ya pili, na safari hii hana wa kumliwaza."

Zawena hakuwa amesema uongo. Kumwambia kungekuwa kujitua mzigo wake kwa kumtwika mjane. Kutomwambia kungekuwa kuvaa nguo ya mtu na kupokea sifa za mshono.

"Ng'oa," alisema.

*

Alipiga akiwa amesimama uani, kwenye kile kipembe cha ukuta ambako mtandao ulikuwa ukitua. Iliita. Ikakatika. Ikaita. Alikuwa amesahau jinsi simu inavyokuwa tupu ikikatika: hakuna hata pumzi, kama kuchungulia kisima kilichokauka. Alipiga tena na tena, hadi jirani akachungulia kumwona anagombana na nani.

"Halo?"

"Kalunde."

"Havijawa. Sauti yako leo iko mbali."

"Leo iko... ndiyo. Iko mbali."

Mtandao ulitafuna maneno kadhaa. Kisha: "...nilitaka kukwambia siku nyingi. Nilikuwa na kinyongo kwamba hukuja. Lakini jana nimekaa nikafikiri, wangapi walikuja, wakala, wakaondoka? Wewe hukuja, lakini hukuniacha hata siku moja. Yale maneno ya nyumba, Havijawa. Kwamba unaishika kwa upande huo. Nayasema kila nikifungua mlango. Nimekusamehe. Nataka ujue."

Basi yameisha. Havijawa alikuwa hana cha kufanya zaidi ya kusema asante. Msamaha ulikuwa umeshapakuliwa, uko mezani, unafuka moshi, na yeye ana njaa ya nusu mwaka. Mdomo wake ulifunguka kuupokea.

"Si mimi," alisema.

"Unasemaje?"

"Aliyesema hayo si mimi, Kalunde. Ni Kiraka. Mashine ilitusikia tukitukanana ikadhani tunataka kuuana, ikatutenga. Mimi nimejua juzi juzi tu, kwa Masele. Siku mnamzika Mihayo mimi nilikuwa hapa nakaanga vitumbua, na jioni yake nikaambiwa hajambo, ananisalimu. Yale maneno mimi siyajui. Nisingeweza hata kuyatunga."

"Kalunde?"

Hakukuwa na kitu kwenye simu. Aliitazama; ilikuwa imekatika, lakini haikusema imekatikia wapi. Huenda mnara ulilala kabla hajamaliza, na Kalunde amebaki huko anasema halo, halo. Huenda alisikia hadi neno la mwisho, akabonyeza kitufe chekundu mwenyewe. Zamani, kabla ya Kiraka, watu waliishi na mashaka hayo kila siku na hawakufa. Havijawa hakukumbuka walifanyaje.

Alipiga. Haikuita. Alipiga kutwa nzima, na kesho yake. Mara moja ilipokelewa, akasikia kuku na ndoo ikiwekwa chini, kisha ikakatika tena. Alipika sufuria dogo, akala nusu. Akazifunua runinga vitambaa, akazifuta vumbi, akazifunika. Zawena alituma ujumbe: akitaka, Kiraka kinarudi kwa dakika chache tu. Havijawa aliusoma mara nyingi. Kisha akafunga kanga mbili kwenye mfuko, akaenda kwa miguu hadi kwa mwenye pikipiki, akapelekwa stesheni ya Pugu kupanda treni.

*

Nyumba ya marehemu Mihayo ilikuwa nje kidogo ya Urambo, ya matofali ya kuchoma, na nyuma yake mabani mawili ya kukaushia tumbaku. Kaburi lilikuwa kati ya mabani na nyumba. Udongo wake ulikuwa umeshatulia, hauna wekundu tena.

Havijawa alikuwa amejiandaa ndani ya treni njia nzima. Mtani akichelewa msibani anaingia kwa kishindo, na alijua kishindo chake. Alivua viatu. Akajifunga kanga kifuani kama mchimbaji, akapita mbele ya dirisha bila kubisha hodi, akajitupa chali kando ya kaburi, kwenye vumbi.

"Sogea!" alipiga kelele. "Sogea, we kipara, umelala peke yako kama bwana mkubwa! Nani kakupa ruhusa ya kuzikwa mimi sipo? Toka, ulipe sufuria langu kwanza! Mnyamwezi gani anasafiri bila mzigo? Wenzako watakuuliza umebeba nini, utasema nini, we goigoi?"

Alisema hayo na mengine machafu zaidi. Sauti ilimpasuka katikati, lakini aliendelea mpaka akaishiwa. Hakuna aliyecheka. Utani unataka watu; kaburi limezungukwa, wafiwa wanabana mbavu, mwenye msiba anajikuta anacheka na machozi yake. Pale palikuwa na upepo na kuku watatu.

Alipoinua kichwa, Kalunde alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amekonda. Mkononi alikuwa na kiti.

"Karibu, mgeni," alisema. "Kaa kitini. Utachafuka."

Hilo lilikuwa baya kuliko kufukuzwa. Havijawa aliinuka, akajikung'uta, akakifuata kile kiti hadi barazani. Hakukaa. Aliketi chini, mgongo ukutani, kiti kikabaki kitupu kati yao. Kalunde alirudi kwenye mkeka wake na ungo wa karanga, akaendelea kumenya.

"Ulinisikia?" Havijawa aliuliza. "Kwenye simu. Ulisikia hadi mwisho?"

"Nilisikia."

"Ulikata wewe?"

"Nilikata mimi." Ganda lilipasuka. "Nilikaa siku mbili najiuliza nimelia kwenye bega la nani. Mwanamke mzima. Nilimwambia yule mambo ambayo hata Mihayo hakuyajua."

"Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Hukuwepo." Kalunde alisema bila hasira, na ndiyo maana iliuma. "Lakini kuna kitu nilikuwa nakiona, sikujua nakiona. Yule hakuwahi kunyamaza. Nikilia ana neno. Nikivuta pumzi ana neno. Nikasema, Havijawa kawa hodari. Kumbe hakujua kufanya kingine."

Havijawa alifungua mdomo. Alikuwa na mengi: alitaka kusimulia mlinzi wa amani, Zawena, kiuno chake, siku ya kicheko mbele ya Masele. Kalunde aliinua kidole chenye vumbi la karanga.

"Usiseme. Umesafiri umefika, basi. Kaa hapo, usiseme neno hata moja."

Kunyamaza kwa Havijawa ilikuwa kazi ngumu kuliko kubeba gunia. Alikaa. Jua lilihama kutoka kwenye kiti likaenda kwenye ukuta. Kalunde alilia kidogo, bila sauti, akajifuta kwa mkono, akalia tena, na Havijawa alitafuna ulimi wake, macho yakimwashwa, asitoe hata "pole". Mara mbili alijikuta amenyanyua mkono kumgusa, akaurudisha. Alivuta ungo upande wake kidogo, akaanza kumenya naye, akitia punje moja kwenye ungo, moja mdomoni, kwa sababu alikuwa hajala tangu Dodoma.

Walikuwa wamefika karibu nusu ya ungo Kalunde aliposema, macho yakiwa kwenye maganda:

"Mzaramo mwizi. Unakula kuliko unavyomenya."

Jibu Havijawa alikuwa nalo, tena la kuchoma, limeshamfika kwenye meno. Lakini alikuwa ameambiwa asiseme. Akatia punje nyingine mdomoni, akaitafuna kwa kelele.